Babu Anayetetemeka, Mwacheni Ale

Ramadhani ikikaribia, hapa Unguja huwa nabishana na watu wa heshima zao juu ya jambo moja: mzee mwenye maradhi ya Parkinson kufunga mwezi mzima. Sibishani na mzee mwenyewe. Yeye namwelewa, mtu aliyefunga tangu utotoni atajionaje akiletewa uji saa nne asubuhi, wajukuu wanamtazama? Nabishana na wanawe, wanaojisifu barazani kwamba baba yao, pamoja na maradhi yake, hajaacha hata moja.

Maradhi haya si uzee tu, wala si shetani wa kupungwa. Katikati ya ubongo mna sehemu ndogo nyeusi ambayo seli zake hutengeneza dopamini, kemikali ya jamii ya amini inayouwezesha mwili kuanza mwendo na kuuendeleza bila kukwama. Seli hizo zikifa, mtu huwa mzito, viungo hukakamaa, na mara nyingi mkono hutetemeka ukiwa umepumzika. Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Sweden alionyesha kuwa wanyama waliolegezwa kwa dawa inayomaliza amini za ubongo, dopamini ikiwemo, huinuka tena wakipewa levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Mwaka 1960 Oleh Hornykiewicz na mwenzake, huko Vienna, wakakuta dopamini imepungua mno katika bongo za waliokufa na Parkinson. Carlsson alipewa Nobel mwaka 2000. (Levodopa imo pia katika mbegu za upupu, huu huu unaotuwasha maporini. Msijitwangie: hakuna anayejua kijiko kimoja kina kiasi gani.)

Sasa tuhesabu saa. Levodopa, ambayo ndiyo dawa kuu ya wagonjwa hawa, haikai mwilini. Hata ikichanganywa na karbidopa, inayoizuia isigeuzwe kabla ya kufika kichwani, nusu yake huwa imeshatoka kwenye damu baada ya kama saa moja na nusu. Maradhi yakiwa machanga, seli zilizosalia huweka akiba. Yakishakomaa, akiba hakuna. Mtu huishi kwa kidonge hadi kidonge. Na saumu yetu ni saa 13 na ushee! Aliyemeza dawa wakati wa daku, adhuhuri humkuta amekauka kama gogo. Tena kuikata dawa ghafla kunaweza kumletea mgonjwa homa kali, misuli kukakamaa na akili kuchanganyikiwa, hali inayoweza kuua.

Magharibi ikiadhiniwa, anameza kidonge pamoja na supu ya pweza. Hapo napo pana kosa: protini na levodopa hugombea mlango mmoja, utumboni na tena wakati wa kuingia ubongoni. Kidonge kingetangulia kama nusu saa.

Ambalo familia nyingi hazilijui ni kwamba dopamini haipotei peke yake. Noradrenalini, amini nyingine inayotokana na dopamini hiyo hiyo, ndiyo hubana mishipa ya damu mtu anaposimama, na neva zinazoitoa nazo hunyauka. Ongeza kiu ya mchana kutwa. Mzee akiinuka kutoka kwenye sujudi, presha inashuka, kizunguzungu, anaanguka, nyonga imevunjika. Serotonini, amini inayohusika na furaha na huzuni, nayo hupungua, na yupo mgonjwa ambaye huzuni ilimwanza kabla hata mkono haujatetemeka. Watu wakasema ana kinyongo.

Sisemi kila mwenye Parkinson ale mchana. Aliye mwanzoni, mwenye vidonge vichache, daktari anaweza kumpangia akafunga. Lakini anayemeza kila baada ya saa tatu au nne, ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Qurani, na kwa maradhi yasiyotarajiwa kupona ipo fidya ya kulisha maskini. Wanawe wailipe hiyo kwa furaha, na wamwambie baba yao mbele ya watu kwamba hana deni. Na kwa daktari waende naye Shaabani, si usiku wa kuandama mwezi, kwani ratiba ya dawa hizi haibadilishwi kwa siku moja.