Dawa ikikauka kabla ya virusi kufa

Tangu UVIKO-19 ipoe, barazani hapa Tanga, toka Ngamiani hadi Chumbageni, utasikia kwamba kufuta vitanda na vishikio vya milango ya wodi kwa klorini ni kupoteza hela. Wasemao hivyo wana pa kushika. Mwaka 2021 CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilikadiria kuwa anayegusa mahali penye virusi vya korona ana uwezekano wa kuambukizwa chini ya 1 kati ya 10,000. Tena kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vya virusi, hunasa hata mabaki ya virusi vilivyokwisha kufa, hivyo kuvikuta mezani si lazima viwe hai.

Nayakubali hayo. Ila wodini hakuna korona peke yake. Virusi vya homa ya ini B hudumu nje ya mwili siku 7 au zaidi. Norovirusi, vinavyoharisha na kutapisha, havina utando wa mafuta, hivyo spiriti inayoua korona upesi haiviwezi vizuri. Hapo tegemeo ni klorini, nayo ina masharti.

Masharti hayo ndiyo yanayorukwa. Klorini ikikuta damu au matapishi huishiwa nguvu humo humo, kwa hiyo sabuni na maji lazima vitangulie. Jik, klorini ya dukani, ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji, hutoa dawa ya asilimia 0.5, ya kufutia palipomwagika damu; lakini ndoo ikiachwa wazi juani kwa joto letu la Januari, jioni si dawa ile tena. Halafu kuna muda. Mwongozo wa WHO wa Mei 2020 kuhusu korona ulitaka dawa ikae angalau dakika moja. Dakika moja tu! Lakini mhudumu ni mmoja, wodi nzima yake, feni inazunguka juu: meza imekauka kabla hajageuka. Na kitambaa kile kile kikipita vitanda vitano, kinasambaza virusi.

Kwa hiyo nikiambiwa usafi umeshindwa, nauliza kwanza: meza ilibaki imelowa kwa muda gani, na nani aliangalia? Ipo jeli isiyoonekana, hupakwa kwenye kishikio kabla ya usafi, kisha baada ya usafi humulikwa kwa taa ya urujuanimno: ikibaki inang'aa, hapakufutwa. Haisemi kama virusi vimekufa. Inasema kama kitambaa kilifika. Ningeanza na hiyo, pamoja na vitambaa vya kutosha, kabla ya kumlaumu mhudumu au kukata fungu la klorini.