Saruji, chokaa na mchicha wa uani

Nyumba ya bibi iko Malindi, ndani ya Mji Mkongwe wa Unguja: ghorofa mbili za mawe ya matumbawe, na tangu masika yaliyopita imetugawa watu wa tumbo moja. Kaka yangu anataka saruji na vigae. Fundi, mzee aliyerithi kazi kwa babake, anataka chokaa. Mama mdogo hana habari nao wote wawili; yeye anataka uani paoteshwe mchicha, bamia na matembele, kwani amechoka kununua fungu la mboga asubuhi na kulikuta limenyauka adhuhuri. Mimi nilipewa daftari la hesabu na kazi ya kusikiliza kila mtu. Nimesikiliza sana, na ninavyoona, ugomvi wa ukuta na ugomvi wa mboga ni ugomvi mmoja: maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi.

Nianze na kaka, maana wapenzi wa majumba ya kale humcheka kabla hajamaliza sentensi. Saruji ipo. Mfuko wa kilo 50 unaupata duka lolote la vifaa vya ujenzi, kijana yeyote aliyeshika mwiko anajua kuichanganya, na ukipiga plasta leo, kesho kutwa umerudisha kitanda mahali pake. Chokaa haina haraka hiyo. Mawe yachomwe kwenye tanuu kwa moto wa nyuzi 900 hivi, yamwagiwe maji yachemke na kupasuka, kisha yalale shimoni wiki kadhaa, na iliyolala miezi ndiyo mafundi wanaigombania. Hata ikishapigwa ukutani hukauka polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa, na tabaka la pili halipandi mpaka la kwanza liwe tayari. Familia inayolala, kupika na kusomesha watoto ndani ya nyumba hiyo hiyo inajua maana ya kungoja.

Kaka ana hoja nyingine ambayo sijamsikia mtu akimjibu vizuri. Tanuu linakula magogo, mawe yake yanachimbwa pwani hii hii, na boriti zinazobeba sakafu ya juu ni mikoko. Kenya ilipopiga marufuku ukataji miti kwenye misitu ya umma mwaka 2018, wakataji boriti wa Lamu walikuwa miongoni mwa walioguswa. Anayesema tujenge kama walivyojenga wazee, aseme pia boriti atazitoa msitu gani.

Basi kwa muda nilikuwa upande wa kaka, mpaka siku fundi alipokuja kukagua ukuta wa kaskazini, ule tulioupiga saruji sisi wenyewe miaka ya nyuma na kujisifu. Alianza mlangoni akaenda akigonga kwa kifundo cha kidole: ko, ko, ko, kisha bu. Akachomeka patasi hapo kwenye bu. Bamba la saruji likabanduka zima, kubwa kama sinia. Nyuma yake jiwe lilikuwa limelowa na kuota unga mweupe. Nikaonja kwa ncha ya ulimi, chumvi tupu. Juu kidogo kilionekana kichwa cha boriti kilichoingia ukutani. Alichukua bisibisi akakisukuma, ikazama mpaka mpini bila kutumia nguvu.

"Mwanangu," akaniambia, "mmeuvisha ukuta nailoni. Jasho lake liende wapi?"

Sijapata maelezo bora kuliko hayo. Matumbawe yana matundu. Yanafyonza maji ya ardhini na chumvi yake, na unyevu unapanda. Chokaa nayo ina matundu, kwa hiyo unyevu ukifika juu ya uso wa ukuta unakwenda na upepo. Saruji inaufungia. Ukishafungiwa hupanda zaidi kutafuta pa kutokea, na popote chumvi inapoganda inalivunja jiwe punje kwa punje. Njiani unakutana na vichwa vya boriti. Boriti haizidi sana mita tatu, ndiyo sababu vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba, na sakafu yote ya juu imekalia vichwa hivyo viwili, kimoja kila ukuta. Kikioza, uzuri wa plasta haukusaidii kitu.

Beit al-Ajaib, jumba la hapa hapa Mji Mkongwe alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu Desemba 25, 2020 wakati linakarabatiwa, na watu wawili wakafariki. Jumba lile si kipimo cha nyumba ya bibi. Lakini tangu siku hiyo, mtu wa Malindi akisikia mchanga ukidondoka darini usiku hageuki upande wa pili akaendelea kulala.

Sasa mama mdogo. Mpango wake ulikuwa kuchimba matuta mawili chini ya ukuta huo huo wa kaskazini, kwa kuwa pana kivuli cha mchana na ni karibu na jiko. Fundi alishika kichwa. Ndoo mbili za maji kila asubuhi kwenye unyayo wa ukuta ni masika ya mwaka mzima. Na hata ukuta ukinyamaza, uani wa nyumba za kale hauna udongo hasa. Una vifusi vya chokaa vya vizazi vitatu. Mboga ikioteshwa humo majani hugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, kwani mche unashindwa kuvuta madini ya chuma kwenye udongo wenye chokaa nyingi. Kisima chetu kina maji ya chumvichumvi. Kisha kuna lile ambalo watu hawalitaji: magamba ya rangi ya mafuta yaliyobanduka milangoni na madirishani. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, na magamba yakichanganyika na udongo unaolimwa mboga, wanaoumia kwanza ni watoto.

Ukizipanga hoja hizo unaweza kumwambia mama mdogo aendelee kununua sokoni. Nilikaribia kumwambia. Kilichonizuia ni mvua.

Bati letu lina eneo la mita za mraba 50 hivi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, basi mvua ya milimita 20, ambayo masika si ajabu, inatupa lita 1,000. Gata, mfereji wa kukinga maji ya bati, lilikuwa limeoza muda mrefu. Lita hizo zote zilikuwa zikimwagika kwenye unyayo wa ukuta wa kaskazini, nasi tukilaumu ardhi, tukilaumu bahari, tukilaumu saruji peke yake. Kwa ajili ya ukuta hakuna aliyewahi kununua gata. Kila mwaka tuliahirisha. Kwa ajili ya mchicha lilinunuliwa ndani ya wiki, pamoja na tangi, kwa sababu mama mdogo alitaka maji yasiyo na chumvi na hakuna anayemshinda kudai. Kwa hesabu ya daftari langu, bustani ndiyo iliyoleta ukarabati wa kwanza wa maana kwenye nyumba ile.

Kaka akapendekeza mboga zipandishwe juu, kwenye kibaraza cha ghorofa, ziwe mbali na kuta. Hilo lilikataliwa kwa kalamu. Sanduku la mita moja kwa mita moja lenye kina cha sentimita 30 ni lita 300 za udongo, na udongo uliolowa una kilo moja na nusu hadi mbili kwa lita. Ni nusu tani, juu ya boriti zinazopitisha bisibisi.

Tukaishia kwenye magunia na ndoo zilizopasuka, juu ya matofali, katikati ya ua. Udongo umetoka shamba, na samadi. Mara ya kwanza tulichanganya na vumbi la makumbi ya nazi tulilopewa bure na wasuka kamba. Mchicha ukachipua vizuri, kisha ukaungua kingo za majani. Nilisahau kwamba makumbi ya kamba huzikwa pwani miezi kabla ya kupigwa, kwa hiyo yamejaa chumvi. Tuliyaosha kwa maji ya mvua mara tatu tukaanza upya. Mchicha hauna kinyongo: wiki ya nne ulikuwa sufuriani.

Kwenye ukuta nimesimama na fundi, ila si kwa kila kitu. Choo na kitako cha tangi ni saruji, na hapo chokaa ningeiona ni ukaidi. Kuta zilizogusa ardhi na palipoingia boriti, chokaa. Kaka amebaki na haki yake katika jambo moja: chokaa inataka kurudiwa, na kwa nyumba yenye wapangaji wengi, iwe ya Wakfu au ya serikali, sioni ni nani kati yao atakayetoa mfukoni kupaka ukuta usio wake kila kabla ya Idi. Mji Mkongwe uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na ukitaka kugusa uso wa nyumba lazima upate kibali. Kibali hakinunui chokaa.

Ukuta wa kaskazini sasa uko uchi, mawe wazi, na wageni wakija tunawakalisha upande wa pili. Fundi hataki kuupiga kitu mpaka kiangazi kipite. Kaka huja kila Ijumaa baada ya sala, huweka kiganja juu ya jiwe, husema bado bichi, kisha huondoka na fungu la matembele.