C+ ya mwaka wa kwanza na mlango wa Wall Street

Mwanafunzi wa chuo kikuu cha Marekani anayeitamani benki ya uwekezaji (ile inayoyashauri makampuni na kuyatafutia mitaji), akiboronga muhula wa kwanza, hukutana na washauri wa aina mbili. Mmoja humwambia GPA, yaani wastani wa alama zake zote, ikiwa chini ya 3.5 aisahau Wall Street, kitovu cha mabenki hayo huko New York. Mwingine humtuliza: alama ni namba tu, watu unaowajua ndio watakaokuingiza. Kila mmoja ameshika nusu ya ukweli, na wote wawili hawagusi jambo lenye uzito zaidi, yaani alama hizo zinasomwa lini.

Tupige hesabu kidogo. Mwanafunzi kamaliza muhula wa kwanza na C+ ya kalkulasi, B- ya uchumi, B ya takwimu na B+ ya uandishi. Kwa mizani ya 4.0 inayotumika huko, hizo ni 2.3, 2.7, 3.0 na 3.3, wastani wa 2.8 na ushee. Akazinduka, na kuanzia muhula wa pili akawa anavuna 3.7 bila kuyumba mpaka mwisho. Siku ya kuvaa joho atakuwa na karibu 3.6. Husemwa maji yakimwagika hayazoleki. Hapa yanazoleka, ila taratibu.

Shida ni kwamba benki hazimsubiri avae joho. Njia kuu ya kuingia ni mafunzo ya kazi ya wiki kumi hivi, majira ya joto baada ya mwaka wa tatu, na wanaofanya vizuri ndio wanaorudi na ahadi ya ajira. Maombi ya nafasi hizo yamekuwa yakisogezwa mbele, hadi sasa mengi hufunguliwa mtu akiwa bado mwaka wa pili, zaidi ya mwaka mzima kabla ya mafunzo yenyewe. Anayeomba Januari ya mwaka huo ana mihula mitatu tu ya kuonyesha: huyu wetu atajaza 3.4. Akiomba Septemba ana mihula miwili, na wastani wake ni 3.26. Muhula ambao kwenye shahada ni moja ya nane, mezani kwa mwajiri ni theluthi, au hata nusu.

Waajiri nao wana hoja. Mwaka 2024 benki ya Goldman Sachs ilipokea maombi zaidi ya 300,000 ya mafunzo ya majira ya joto, na waliochukuliwa hawakufika asilimia 1. Hakuna ofisi inayoweza kusoma wasifu wote huo kwa macho. Fomu ina kisanduku cha GPA, anayechuja anaweka kikomo, mara nyingi 3.5, na walio chini yake wanaweza wasifike mbele ya mtu yeyote. Asiyekuwepo na lake halipo. Tena alama zinapima kitu kinachohusiana na kazi. Mchambuzi mgeni, yaani mwajiriwa wa ngazi ya chini kwenye benki hizo, hukesha akihakikisha namba ya ukurasa wa 14 inalingana na ile ya ukurasa wa 37, kazi isiyo na raha yoyote. Mtu aliyekaa na somo asilolipenda akalimaliza vizuri ameonyesha kwamba anaweza kuvumilia usiku wa namna hiyo. Hapo siwalaumu.

Lakini alama za muhula wa kwanza mara nyingi hupima sekondari uliyotoka kuliko chuo ulichoingia. Aliyesoma kalkulasi kabla ya kufika chuoni anairudia. Asiyeisoma anakutana nayo pamoja na bweni jipya, marafiki wapya na pengine kazi ya jioni ya kujilipia ada. Chuo kikuu cha MIT kinalitambua hilo: matokeo ya muhula wa kwanza huandikwa kwamba umefaulu, basi, bila herufi. Isitoshe, herufi zenyewe hazina uzito mmoja. Chuo kikuu cha Princeton mwaka 2004 iliweka lengo kwamba A zisizidi asilimia 35 ya alama zote, ikaufuta utaratibu huo mwaka 2014 baada ya miaka ya malalamiko, yakiwemo ya wanafunzi waliohofia kuumia kwenye ajira. Harvard, ndani ya kipindi hichohicho, mwaka 2013, ilikiri kwamba alama ya kati ilikuwa A-. Mwajiri mzoefu anazijua tofauti hizo. Kikomo cha 3.5 hakizijui.

Na hao watu unaowajua? Ni kweli, mhitimu wa chuo chako aliye ndani ya benki anaweza kuuchomoa wasifu wako kwenye rundo. Ila naye ataanza kwa kukuuliza GPA, maana jina lake ndilo litakalochafuka. Na vyuo vyenye wahitimu wengi ndani ya benki vinajulikana, tena ni vichache. Ushauri wa "alama ni namba tu" nimeuona ukitolewa zaidi na wenye wajomba.

Milango ya nyuma ipo: benki ndogo zinazoajiri baadaye, kampuni za ukaguzi ambako mtu hufanya kazi ya kuthamini biashara mwaka mmoja au miwili kisha akahama, au MBA, shahada ya uzamili ya biashara. Huko kwenye MBA kuna kichekesho: kwenye shule ya biashara ya Wharton, kwa mfano, wanafunzi wana desturi ya kutowaambia waajiri alama zao, na waajiri haohao wa Wall Street wanaikubali.

Kinachonikera ni kwamba benki zinauona ubaya wa kuwahi mno pale unapowagusa wao. Makampuni ya hisa binafsi (private equity, yanayonunua biashara nzima ili kuziuza baadaye kwa faida) yalizoea kuwasaili wachambuzi wapya wa benki kabla hata hawajazoea viti vyao, kwa kazi za miaka miwili mbele. Mwaka 2025 benki ya JPMorgan ikawaonya wageni wake: atakayekubali kazi kwingine kabla ya kuripoti, au ndani ya miezi 18 ya mwanzo, atafukuzwa. Apollo, mojawapo ya makampuni hayo ya hisa binafsi, nayo ikatangaza kwamba mwaka huo haitawasaili kundi hilo. Watu wazima wenye shahada walionekana ni mapema mno kuwapima; kijana wa miaka 19 mwenye mihula miwili, hapana.

Turudi kwa mwanafunzi wetu. Kudanganya haimfai, kwa sababu karatasi ya matokeo huombwa baadaye na ahadi ya kazi hufutwa. Anaweza kusubiri hadi Januari ili ile 3.26 iwe 3.4. Lakini benki nyingi hujaza nafasi kadiri maombi yanavyoingia, na kufikia Januari baadhi ya viti vinaweza kuwa na watu. Akiomba Septemba viti vyote vipo, ila namba yake iko mbali zaidi na kikomo.