Tukipasua miamba kutafuta gesi, maji machafu yataenda wapi?

Kila foleni ya bajaji na teksi inaporefuka kwenye vituo vya kujaza gesi hapa Dar es Salaam, hoja moja hurudi: mbona na sisi tusipasue miamba kwa shinikizo la maji kama Wamarekani, gesi imwagike? Foleni yenyewe tuiweke kando mapema, maana inatokana na uchache wa vituo, si ukame wa visima. Lakini hoja ya visima inastahili jibu, kwa kuwa wanaoitetea wana ushahidi na wanaoipinga wanao pia.

Kwanza kazi yenyewe. Kisima huchimbwa kilomita mbili au tatu kwenda chini, mara nyingi kikapindwa ili kilale ndani ya mwamba. Mabomba ya chuma hushushwa, na nafasi iliyobaki kati ya bomba na ukuta wa shimo hujazwa saruji. Bomba hutobolewa kwa vilipuzi vidogo mahali palipolengwa, kisha pampu husukuma maji yaliyochanganywa na mchanga na kemikali mpaka mwamba upasuke. Nyufa zake ni za milimita chache tu. Pampu zikizimwa, chembe za mchanga hubaki humo na kuzizuia nyufa zisifunge, na mafuta au gesi hupata njia ya kufika kisimani.

Mbinu hii ilijaribiwa Kansas mwaka 1947 na kuingia kwenye biashara mwaka 1949. Miaka ya 1990 ilipokuwa inaishia, kampuni ya George Mitchell iliifanikisha Texas kwenye miamba ya tope lililogandamana, ambayo wengi walishaikatia tamaa. Marekani ilikuwa ikitoa mapipa kama milioni 5 ya mafuta ghafi kwa siku mwaka 2008. Mwaka 2019 ilipita milioni 12. Anayebeza mafanikio hayo hasemi kweli.

Ila mwamba wa Texas si mwamba wa Songo Songo, kisiwa chetu chenye gesi mkoani Lindi. Gesi ya Songo Songo, inayofika Dar es Salaam tangu 2004, imo kwenye mwamba wa mchanga unaopitisha gesi vizuri, na hupanda kwa shinikizo lake yenyewe. Shinikizo likipungua, tiba ya kwanza ni mitambo ya kugandamiza gesi, ukarabati wa visima na visima vya nyongeza. Zile futi za ujazo trilioni 57 za akiba ya gesi ya nchi tunazotajiwa kila mara, sehemu kubwa iko bahari kuu, na kinachoichelewesha ni mtaji na mikataba. Kupasua miamba kungekuwa na maana nchi kavu kusini, pale kisima kitakapogonga mwamba uliobana, usiopitisha gesi kirahisi. Hata huko itakuwa kazi ya kisima kimoja kimoja, si mamia ya visima yanayorundikwa pamoja.

Upande wa pili wa mizani ni maji, na hapa ndipo mkazi wa jiji hili anapaswa kutega sikio. Taasisi ya Jiolojia ya Marekani inataja takriban lita milioni 6 hadi 60 kwa kisima kimoja cha aina ile ya Texas. Kwa boza la lita elfu kumi, ni safari 600 hadi 6,000. Oktoba 2022 mto Ruvu ulipopungua, Dar es Salaam iligawiwa maji kwa zamu, na watu wakalala macho wakisubiri bomba litoe. Hatuna maji ya kuchezea, na mikoa ya kusini haina ya ziada ya kutuazima.

Baya zaidi ni maji yanayorudi juu yakiwa na chumvi, kemikali na madini ya chini ya ardhi. Oklahoma walikuwa wakiyadunga kwenye visima virefu vya kutupia. Septemba 2016 mji wa Pawnee ukatikiswa na tetemeko la 5.8, na wataalamu walilihusisha na utupaji huo, si na upasuaji wenyewe. Uingereza nako, Agosti 2019, tetemeko la 2.9 huko Lancashire lilitokana na upasuaji moja kwa moja. Serikali ikasitisha kazi hiyo Novemba. Ufaransa ilikuwa imeshapiga marufuku tangu 2011.

Mimi siungi mkono marufuku ya jumla. Ripoti ya mamlaka ya mazingira ya Marekani ya mwaka 2016 ilionyesha maji ya kunywa yanavyoweza kuharibiwa: saruji mbovu kisimani, kemikali kumwagika juu ya ardhi, maji machafu kuachwa kwenye mashimo yasiyotandikwa kitu. Haya yanazuilika, lakini huzuiliwa na mkaguzi aliyepo eneo la kazi, mwenye uwezo wa kuzima pampu. Sheria yetu ya Mazingira ya 2004 inadai tathmini ya athari kabla ya mradi, na Sheria ya Petroli ya 2015 imeunda mdhibiti wa mkondo wa juu, yaani utafutaji na uchimbaji wa mafuta na gesi. Msingi upo.

Ninachotaka kiongezwe ni kipimo cha kabla. Visima vya wanakijiji vilivyo jirani na eneo la uchimbaji vipimwe chumvi, methani na metali kabla pampu ya kwanza haijawashwa, na matokeo yabandikwe ofisi ya kijiji kwa Kiswahili. Orodha ya kemikali nayo ibandikwe hapohapo. Pasipo kipimo hicho, mama wa Mtwara atakayelalamika kwamba maji yake yamebadilika ladha ataambiwa yalikuwa hivyo tangu zamani, na hatakuwa na karatasi ya kumjibia.