Vyumba vinne vya moyo havitoshi kuthibitisha kuwa vena ni salama
Kuna makala inayosema kwamba vyumba vinne vya moyo wa mtoto aliye tumboni vikionekana sawa kwenye ultrasaundi, basi mishipa yake ya damu nayo haina kasoro. Mimi ninayefanya vipimo hivi siafiki hata kidogo. Vena za mapafu, yaani mishipa inayorudisha damu kutoka mapafuni hadi moyoni, zikimwaga damu mahali pasipo pake zinaweza kupita bila kutambuliwa katika picha hiyo, na ndiyo maana huwasha Dopla ya rangi, inayoonyesha mwendo wa damu kwa rangi, nione kwa macho yangu damu ikiingia katika chumba cha juu cha kushoto. Kisha nasogeza kifaa juu kidogo, mahali ambapo mishipa mitatu mikubwa hujipanga. Nikikuta wa nne upande wa kushoto, mara nyingi ni vena kava ya kushoto iliyobaki, yaani mshipa mkubwa wa kurudisha damu moyoni ambao kwa kawaida hutoweka mapema katika ujauzito, ambayo ikiwa peke yake kwa kawaida haimdhuru mtoto. Hata ndani ya tumbo la mtoto mwenyewe, vena ya kitovu, inayoleta damu kutoka kondo la nyuma, ikipinda kuelekea mfuko wa chakula badala ya kuupa kisogo hudai moyo na viungo vingine vikaguliwe upya, kwa subira, kabla mama hajaambiwa lolote la kumtia hofu. Wenzangu mnaopima, je, vena za mapafu mnazitafuta kwa kila mjamzito, au kwa wale tu mnaowatilia shaka?