Ticha, hiyo akili ya kuzidisha umeitoa wapi?

Mwanafunzi wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) hapa Mbeya akikwama kwenye integrali ana pa kukimbilia: ticha wa twisheni, kundi la WhatsApp, au programu ya simu inayopiga picha swali na kumwaga jibu hatua kwa hatua. Kote huko majibu yapo, na mengi ni sahihi. Malalamiko yangu ni mengine. Karibu wote wanaficha wazo lilikotoka, na mwanafunzi anaondoka na jibu ambalo halimsaidii lolote swali likibadilishwa kidogo.

Chukua integrali ya sekanti, ∫ sec x dx. Ndiyo inayoletwa kwangu kuliko zote. Ubaoni huwa inafanywa hivi: zidisha juu na chini kwa (sec x + tan x). Juu unapata sec²x + sec x tan x, na kumbe ukidifarensieti (kinyume cha kuintegreti) kilichoko chini unapata hichohicho kilichoko juu. Basi jibu ni ln|sec x + tan x| + C. Mistari mitatu, chaki chini, twende swali linalofuata.

Mpwa wangu anayesoma bweni alikuja likizo akanifungulia daftari ukurasa huo. Alikuwa amepigia mstari wa kalamu nyekundu ule mstari wa pili.

"Anko, hizi hatua nimezielewa zote. Ila ticha alijuaje azidishe kwa hiyo kitu?"

"Hukumuuliza?"

"Nilimuuliza. Akasema ndivyo inavyofanywa."

Swali la mtoto lilikuwa bora kuliko jibu alilopewa, maana ukweli ni kwamba hakuna aliyeianza integrali hii kwa kuzidisha hivyo. Ujanja ule ulitengenezwa na watu ambao jibu walishalijua.

Mwaka 1569 Gerardus Mercator alichora ramani ya dunia kwa ajili ya mabaharia. Ni ramani ya aina ile inayoifanya Greenland ionekane kama inalingana na Afrika, wakati Afrika ni kubwa kuliko Greenland mara 14 hivi. Ili nahodha aweze kupiga mstari ulionyooka na kushika upande mmoja wa dira safari nzima, kila sehemu ya ramani lazima ivutwe kadiri inavyokuwa mbali na ikweta, na kipimo cha kuvuta ni sekanti ya latitudo. Sisi wa Mbeya, tulio karibu nyuzi 9 kusini, tunavutwa kama asilimia 1 tu. Kwenye nyuzi 60 kila kitu kinavutwa mara mbili. Sasa, ukitaka kujua latitudo fulani ichorwe umbali gani kutoka ikweta, lazima ujumlishe sekanti zote za njiani. Hiyo ndiyo integrali inayomliza mpwa wangu.

Mwingereza Edward Wright alizijumlisha kwa mkono, kipande kidogo kidogo, na jedwali lake likachapishwa 1599. Miaka ya 1640 Henry Bond alilitazama jedwali hilo akaona namba zake zinafanana na za jedwali jingine kabisa, la logi za tanjenti. Aliona tu, uthibitisho hakuwa nao. Uthibitisho ukaja 1668 kwa James Gregory, na mwaka 1670 Isaac Barrow akatoa wa kwake, mwepesi zaidi. Hesabu mwenyewe: kutoka ramani mpaka uthibitisho ni karibu miaka 100. Halafu mtoto wa kidato cha tano anaambiwa "ndivyo inavyofanywa", naye anarudi kukaa akidhani wenzake walizaliwa wakijua.

Njia ya Barrow, kwa lugha ya leo, ndiyo niliyomwonyesha mpwa wangu, kwa sababu kila hatua yake ina sababu. Sekanti ni 1 juu ya kosaini. Kitu kikiwa 1/cos x huna pa kukishika, maana ukitaka kuweka herufi mpya u badala ya x, hakuna kipande kinachoweza kuwa du. Basi mpe kipande: zidisha juu na chini kwa cos x. Sasa juu kuna cos x, chini kuna cos²x, ambayo ni 1 − sin²x. Weka u = sin x. Ile cos x ya juu inaondoka na dx, inabaki 1/(1 − u²), na hiyo ni kazi ya kuivunja sehemu moja kuwa sehemu mbili ndogo, jambo ambalo alishalifanya mara nyingi. Mwisho anapata ½ ln|(1 + sin x)/(1 − sin x)| + C. Ni ndefu kuliko ile ya ubaoni, sikatai. Lakini mtu aliyeisahau anaweza kuifikia tena mwenyewe ndani ya chumba cha mtihani, na ile ya kuzidisha ukiisahau imekwenda.

Hapo pakatokea jambo ninaloliona kila mara. Alifungua majibu ya nyuma ya pamfleti, akakuta jibu halifanani na lake, akashika ufutio. Nilimzuia. Zidisha ndani ya logi, juu na chini, kwa 1 + sin x. Juu inakuwa (1 + sin x)², chini inakuwa cos²x, ile nusu inaondoa mraba, na unabaki na ln|(1 + sin x)/cos x|, yaani ln|sec x + tan x|. Jibu lilelile. Kitabu kingine kitaandika ln|tan(π/4 + x/2)|, nalo ni hilohilo, na ndilo alilolibahatisha Bond. Ningependa kujua ni kazi ngapi sahihi zimefutwa katika mabweni ya Nyanda za Juu Kusini kwa sababu tu pamfleti imevaa nguo nyingine.

Na dawa yake haihitaji ticha wala bando. Lidifarensieti jibu lako. Likirudisha swali, umepata, hata kama dunia nzima imeandika tofauti. Kuintegreti kunataka ujanja; kudifarensieti kunataka uvumilivu tu. Nashangaa jinsi wasaidizi wengi wanavyolisahau hili na kujifanya mahakama ya rufaa kwa kila jibu.

Kuna na swali ambalo ni bovu lenyewe. Maswali mengi yanapita stesheneri, kopi ya kopi ya kopi, na mashine inakula herufi. ∫ x e^(x²) dx ni mstari mmoja: u = x², kwisha. Ile x ya mbele ikiliwa, umebaki na ∫ e^(x²) dx, ambayo haina jibu la fomula kwa vitu vyote unavyovijua shuleni. Si kwamba ni ngumu. Fomula hiyo haipo, na Mfaransa Joseph Liouville alionyesha katika miaka ya 1830 namna ya kuthibitisha mambo ya aina hiyo. Dada yake wa karibu, e^(−x²), ndiye anayefanya mpewe jedwali la z kwenye probabiliti badala ya fomula. Lakini kijana anakesha nalo kwenye baridi ya Julai, na akiipigia picha programu haimwambii "hebu angalia kopi yako". Inamrushia alama ambayo hajawahi kuiona, naye anainakili.

Sizipingi programu. Kukagua kazi zinakagua vizuri, na hazichoki. Ila bweni haliruhusu simu, chumba cha mtihani ndiyo kabisa, kwa hiyo aliyezoea kuonyeshwa hatua anafika huko mikono mitupu. Ticha wa twisheni anayelipwa ana nafasi ambayo programu haina: kuona mtoto alikwama mstari upi. Akiipoteza nafasi hiyo kwa kuandika mistari mitatu haraka ubaoni, sijui analipwa kwa lipi. Nami najua darasa la twisheni lina watoto wengi na muda ni mfupi. Bado "hili nilijuaje" inachukua dakika mbili.

Kwa hiyo kwangu utaratibu ni huu. Picha ya swali tupu siijibu. Nitumie na ulipofikia, hata kama ni mstari mmoja uliokatwakatwa, tuanzie hapo. Mpwa wangu kanikasirikia kidogo, lakini wiki iliyopita alileta ∫ sec³x dx ikiwa na nusu ukurasa wa kazi yake. Alikuwa ameigawa kuwa sec x mara sec²x, akaintegreti kwa vipande, na akakuta swali lake limejitokeza tena upande wa pili wa alama ya sawasawa. Alidhani amezunguka bure. Nilimwambia alihamishe upande wa kushoto, agawe kwa 2, kisha aniletee.