Aliyefika kwanza ndo mwenye dimbwi? Naivasha inatuambia vingine

Madimbwi mawili jirani, bata wanaruka huku na huku na mayai ya vijidudu yamenasa miguuni, ila ukipima DNA ya viroboto wa maji (Daphnia, vijidudu vidogo vinavyoogelea kwenye maji baridi) wa dimbwi hili na lile unakuta kama hawajawahi kuonana. Inakuwaje?

Mwanaikolojia Luc De Meester na wenzake walisema mwaka 2002 kwamba anayetangulia anahodhi dimbwi lote. Na ukimjua huyu mdudu utawaelewa, mana jike mmoja tu, milimita mbili tatu hivi, anazaa bila dume, wiki chache dimbwi limejaa, watoto wanazidi kuzoea maji ya pale kizazi hadi kizazi, hali ikiwa mbaya wanaacha mayai kwenye kiganda cheusi kigumu chenye umbo la tandiko la farasi, kinazama topeni na yanaweza kukaa miaka na miaka ndo yaanguliwe. Mgeni akija leo anakuta nyumba imejaa na ghala limejaa.

Wapo wanaosema ni bahati tu ya nani katangulia, kuzoea mazingira hakuna kazi. Hapo nakataa. Kule Oud Heverlee, Ubelgiji, waliangua mayai ya zamani kutoka tope la bwawa lililojazwa samaki miaka ya 1970, na viroboto wa kipindi cha samaki wakinusa harufu ya samaki walikimbilia chini gizani kuliko waliowatangulia, wakati alama za DNA zisizohusika na tabia hazikuonyesha badiliko. Ungepima hizo peke yake ungesema hakuna kilichotokea!

Ila ziwa Naivasha, Kenya, ndo linaniumiza kichwa. Viroboto wenyeji wa pale walikuwa na madume na majike, jeni za kila aina, akiba ya mayai topeni, yaani kila kitu ambacho nadharia inadai. Ukaja ukoo mmoja wa viroboto wa Kimarekani, wote nakala ya mama mmoja, inaelekea uliingia na samaki wa kuvua kwa ndoana walioletwa kutoka Marekani miaka ya 1920, na ndani ya miaka kama 60 wenyeji wakaisha. Mtu atasema ziwa lenyewe lilishabadilika, kwa hiyo wenyeji walizoea ziwa ambalo halipo tena. Nusu nakubali, lakini ukoo huohuo umeenea maji mengi ya Afrika, sasa kote huko kulibadilika?

Kwangu mimi kutangulia kunazuia mgeni anayekuja na mguu wa bata, sio anayemwagwa na ndoo ya vifaranga vya samaki. Wale wenyeji wa Naivasha tunawajua kwa DNA ya mayai yaliyobaki topeni.